Sentimita Nne za Paa

"Miaka thelathini unachora magari," Clelia alimwambia mumewe, "na sijawahi kushuka hata kwenye moja bila kuionyesha Turin nzima chupi yangu."

Alisema hivyo mbele ya mlango wa hospitali, mwezi wa Februari, theluji imekwisha kuwa tope, mguu wake mmoja uko nje na wa pili umekwama ndani. Nyonga ilikuwa ikimsumbua mwaka wa pili sasa. Evasio Cravero alimshika mkono wa kulia, bawabu wa hospitali akamshika wa kushoto, wakamvuta kama watu wanaong'oa kisiki. Bawabu masikini hakujua anamsaidia mke wa nani. Alipokwisha kumsimamisha aliliangalia lile gari jekundu lililolala chini pale, akasonya.

"Zuri, sikatai," alisema. "Lakini aliyelichora hana mke. Na kama ana mama, basi hampendi."

Clelia alicheka mpaka akaegemea ukuta, machozi yakimtoka, kisha akaingia ndani kumwona daktari huku bado anacheka. Mumewe alibaki nje na gari lake, uso umemwiva.

Gari lenyewe lilikuwa Rondone, na ndilo lililompa jina. Hebu tuseme ukweli: kabla ya Rondone, Evasio alikuwa kijana mfupi kutoka mashambani Monferrato tu, mtoto wa fundi viti. Baba yake alikuwa na tabia moja iliyomchosha kila mtu. Hakukata ubao mpaka mteja akae kwanza kwenye benchi, apimwe goti, apimwe mgongo, aulizwe chakula anakulia wapi na analalia upande gani. Kiti kimoja wiki tatu. Evasio aliona huo ni upuuzi. Alipofika miaka kumi na minne alikimbilia Turin, akaingia karakana ya kufua mabati ya magari, akawekwa chini ya kijana mmoja aliyemzidi miaka minne, Secondo Ghigo, mkono mzito, mdomo mzito zaidi. Secondo alimfundisha kushika nyundo. Evasio hakuwa fundi wa nyundo, lakini alikuwa na jicho. Siku moja tajiri wa karakana alimkuta ukutani na kipande cha mkaa, anachora ubavu wa gari kwa ukubwa wake halisi, bila rula. Hakupewa tena nyundo.

Rondone alilitoa mwaka wa 1957, akiwa na karakana yake mwenyewe. Paa lake lilimfikia mtu mshipini. Watu walilipiga picha mpaka wakachoka, na matajiri wa nchi tatu walipanga foleni. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kila gari lililofuata Evasio alilishusha kidogo, akawa anasema, tena mbele ya waandishi wa magazeti, kwamba gari zuri sharti ulitazame kwa chini. Na lililo baya zaidi, yote aliyapima kwa mwili wake mwenyewe. Alikaa kwenye fremu ya mbao, Secondo akapima kichwa, basi, kipimo kimekwisha. Mwili wenyewe mita moja na sentimita sitini na mbili! Wateja warefu walipolalamika kwamba wanaendesha wamekunja shingo, alijibu, "Wafupishe shingo."

Siku ile ya hospitali hakumjibu mtu. Usiku hakula vizuri. Asubuhi alikibeba kiti cha jikoni mpaka karakanani, akakiweka katikati ya sakafu, akamkalisha Clelia.

"Simama bila kushika kitu," alimwambia.

"Siwezi, Evasio. Unajua siwezi."

Akaleta kitabu cha simu cha mji wa Turin, akakiweka chini yake. "Haya, simama."

Clelia akasimama. Mafundi thelathini na wanane waliacha nyundo zao wakamtazama bosi akipima kwa utepe kutoka sakafuni hadi kitabu cha simu, akaenda ukutani kulikobandikwa karatasi ndefu, akaweka nukta moja ya mkaa. Kutoka nukta ile alichora kiti. Kutoka kiti akachora mgongo wa mtu, kichwa, halafu kofia, na juu ya kofia ndipo akachora paa. Mlango aliuchora baada ya kumwona Clelia anavyogeuza miguu. Magurudumu yalikuja mwisho kabisa. Secondo alisimama nyuma yake mikono kiunoni.

"Unachora gari au unachora kabati?" aliuliza.

"Nachora mtu anayeshuka."

"Lo! Sasa bosi amepatwa na wazimu," Secondo aliwaambia wengine, nao wakacheka.

Evasio naye alicheka, kisha akaandika kwa chaki juu ya mchoro: Aingie na kofia, atoke na kofia. Hiyo ndiyo ikawa sheria ya gari lile. Baba yake, angekuwa hai, angemzaba kofi la kichwa na kumwuliza alikuwa wapi siku zote.

Gari lilikuwa la kiwanda kimoja kikubwa, kilichotaka gari dogo la familia. Na hapo ndipo maji yalipofika shingoni. Ulikuwa mwaka wa 1974, mafuta yamepanda bei, matajiri hawataki tena magari mekundu yaliyolala chini. Karakana ya Cravero haikuwa na kazi nyingine yoyote. Kiwanda kikikubali, mafundi thelathini na wanane wana kazi ya miaka mitatu. Kikikataa, wanakwenda nyumbani kabla ya Krismasi. Kila mmoja alilijua hilo, hata mama mfagiaji.

Mwenyekiti wa kiwanda, Odasso, alikuja Aprili kuangalia mchoro. Pande la mtu, mwenye jongo miguuni, anatembea na fimbo na dereva nyuma yake. Alisimama mbali, akafumba jicho moja.

"Cravero, hili ni kabati la mkate," alisema. "Mimi nilimwita mtu wa Rondone. Shusha paa."

"Paa halishuki, mwenyekiti."

"Kidogo tu."

"Ng'o."

Odasso hakuzoea kuambiwa ng'o. Alisema atarudi Septemba kuliona gari la mfano, na siku hiyo atasema ndiyo au hapana, mara moja, basi. Tarehe ya kwanza waliyopanga ilikuwa kumi na saba, namba ya mkosi kwa Waitalia, mtu mmoja akashtuka, wakasogeza hadi kumi na nane.

Mfano ulijengwa kwa ukubwa kamili, mifupa ya mbao na ngozi ya plasta, ndani mtupu ili mtu aweze kuingia na kukaa, madirisha hayana vioo. Katikati ya Agosti Turin hufungwa, hata paka huondoka. Evasio alimpeleka Clelia baharini Alassio wiki mbili, maana daktari alisema maji ya chumvi yatasaidia nyonga. Secondo alibaki na mafundi wawili kusugua plasta.

Evasio aliporudi alikwenda moja kwa moja karakanani, vumbi la safari bado viatuni. Alilizunguka lile gari mara mbili. Moyo wake ukaruka. Lilikuwa zuri! Zuri kuliko alivyolikumbuka, limetulia, mstari wa paa unateremka vizuri nyuma. Alilipima dhidi ya mchoro wa ukutani na vipimo vyote vikakubaliana. Akajiambia ni mapumziko, jicho limepata usingizi. Kuingia ndani hakuweza, kwa sababu mshona viti alikuwa bado na kazi humo, akamaliza asubuhi ileile ya tarehe kumi na nane. Alimshika Secondo bega.

"Kazi safi," alimwambia.

Secondo alitazama pembeni. "Nimesugua tu," alijibu.

Wageni walifika saa nne asubuhi, saba kwa idadi, makoti ya kijivu. Walipewa mvinyo wa vermuti na vijiti vya mkate, kama ilivyo ada, wakalizunguka gari lililopakwa rangi ya fedha. Odasso alisimama mbali kama kawaida yake, jicho moja limefumbwa. Safari hii alikuwa anatabasamu.

"Mabwana," Evasio alisema, "gari hili halianzi kwa nje. Tazameni."

Alivaa kofia yake nyeusi ya kila siku, akafungua mlango, akaingia. Kofia iligonga juu ya mlango, ikamtoka kichwani, ikabingirika sakafuni mpaka miguuni mwa mhandisi mmoja. Wageni walicheka, kicheko cha wema, mhandisi akaiokota na kuipangusa.

Evasio hakucheka. Alikuwa amekaa. Alinyanyua mkono akagusa paa kwa ndani, akapima kwa vidole. Alijua kila unywele wa mchoro wake, na hili lilikuwa chini. Akatazama mbele kupitia tundu la kioo, akamwona Secondo amesimama karibu na ukuta, anatazama viatu vyake mwenyewe.

"Umenisikia, Cravero!" Odasso alisema kwa sauti, akija na glasi yake. "Nilijua utanisikia. Umelishusha, tena umelishusha kwa adabu. Sasa hili ni gari la Cravero. Leteni karatasi, mimi nasaini leo."

Mafundi waliokuwa wamejipanga nyuma hawakushangilia, maana heshima haikuruhusu, lakini Evasio alisikia pumzi zao zikishuka kwa pamoja. Mmoja alifanya ishara ya msalaba.

Secondo alikuja haraka mlangoni mwa gari, akainama kana kwamba anarekebisha bawaba.

"Ngapi?" Evasio alimwuliza kwa kunong'ona.

"Nne."

"Na mchoro wa ukutani?"

"Niliufuta, nikauchora tena. Evasio, sikiliza. Jicho langu lilikuwa linauma kila siku kuliangalia lile kabati. Na yule mzee alishasema. Wewe hukutaka kusikia, nikasema basi, mtu mmoja lazima awe na akili humu ndani. Nyamaza, ndugu yangu. Wamelipenda."

"Kofia imedondoka."

"Watoto wa watu hawa watakula kofia?"

Swali lilikuwa la haki, nalo lilimchoma Evasio. Aliwatazama mafundi mmoja mmoja: yule aliyeoa Juni, yule mwenye mapacha. Karatasi ilikuwa tayari mkononi mwa katibu. Hakutakiwa kusema uongo hata mmoja. Alitakiwa kushuka tu, achukue kofia yake, anywe vermuti.

"Na Clelia?" aliuliza.

"Clelia atainama kidogo."

"Clelia hawezi kuinama, Secondo. Ndiyo maana tulianza."

Akashuka, akajigonga kichwa mlangoni kwa mara ya pili, safari hii bila kofia, na ikauma kweli. Alisimama akijishika paji la uso.

"Mwenyekiti," alisema, "usisaini. Hili silo gari nililokuahidi. Limepungua sentimita nne."

Odasso aliishusha glasi. "Najua limepungua. Ndiyo nimefurahi."

"Limepungua bila mimi. Nisingelipunguza."

"Basi aliyelipunguza ana jicho kuliko wewe!"

"Ana jicho, sibishi," Evasio alisema, na sauti yake ikakwaruza. "Na hivi lilivyo ni zuri zaidi. Niliporudi kutoka baharini nililiona, nikafurahi kama mtoto, sikujua kwa nini. Hata sasa nalitazama naona ni zuri zaidi. Lakini mke wangu hawezi kuingia humu na heshima yake. Nimeshatengeneza magari mengi ya kutazamwa, mwenyekiti. Nipe saa moja."

"Saa moja ya nini?"

Evasio aligeuka. "Secondo. Zile mbao ulizokata, zipo?"

Secondo alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Fundi wa Turin hatupi kipande cha mbao alichokipima. Akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na vipande vinne, kila kimoja kimeandikwa kwa penseli kilitoka nguzo gani. Akachukua na msumeno. Alikata nguzo ya kwanza bila kumtazama mtu, plasta ikapasuka, vumbi jeupe likawaangukia wageni kwenye makoti ya kijivu na ndani ya vermuti. Hakuna aliyeondoka. Mafundi sita walikuja bila kuitwa, wakalibeba paa mabegani, Secondo akarudisha vipande vyake kimoja kimoja na kuvigonga kwa nyundo. Dakika hamsini. Gari lilisimama na makovu manne, refu, kabati la mkate kama lilivyokuwa.

"Tafadhali, mwenyekiti," Evasio alisema na kufungua mlango.

"Mimi huwa siingii kwenye mifano."

"Najua. Ingia."

Odasso aliangalia huku na huku. Dereva wake alisogea kumshika mkono kama desturi, yeye akamsukuma kwa fimbo. Aliiegemeza fimbo kwenye gari, akajigeuza, akakaa, akaingiza miguu. Kofia ilibaki kichwani. Akakaa kidogo. Akatoa miguu, akasimama. Akaitazama fimbo yake, ambayo ilikuwa bado imeegemea gari, hakuigusa. Akaingia tena. Mara ya pili alikaa muda mrefu zaidi, na alipotoka alizungumza polepole, akimwelekea Evasio peke yake.

"Jumapili hunichukua dakika tano kushuka mbele ya kanisa. Watu wote wanatazama. Wanajifanya hawatazami." Akakohoa. "Ni baya, Cravero. Baya kabisa."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Nitalitengeneza. Lakini jina lako silibandiki. Aliyenunua Rondone akiliona hili na jina lako, atasema umezeeka. Wauzaji wangu watanila nyama. Litatoka kama gari la kiwanda, halina baba. Unakubali au hukubali?"

Kila gari la karakana ile lilikuwa na herufi C ya chuma, ndogo kama ukucha, chini ya kioo cha mlango. Evasio aliipenda herufi ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Iliuma kama kufiwa.

"Nakubali," alisema.

Karatasi ikasainiwa juu ya boneti ya plasta. Wageni walipoondoka mafundi walipiga kelele sasa, wakakumbatiana, chupa iliyobaki ikamalizwa. Evasio alimtafuta Secondo, akamkuta uani amekaa juu ya sanduku lake.

"Unanifukuza?" Secondo aliuliza.

"Nimfukuze nani? Karakana yote isimame kwa nyundo yangu mimi? Ingia ndani kuna baridi."

"Mimi bado nasema ningeliacha na zile nne chini."

"Sema."

Gari lilitoka baada ya miaka miwili. Magazeti yaliyowahi kulia machozi ya furaha kwa Rondone yaliandika mistari sita, moja likasema linafanana na sanduku la viatu lenye taa. Watu walilinunua hata hivyo. Walinunua wauguzi, mapadri, wenye maduka, na kiwanda kikaongeza zamu. Hakuna aliyeuliza nani kalichora. Clelia alilipata la bluu. Siku ya kwanza alishuka nalo hospitalini peke yake, akampita bawabu yuleyule, bawabu akamwamkia "Habari za asubuhi, mama," akaendelea kusoma gazeti lake.

Septemba ya mwaka wa nne tangu gari litoke, Evasio alikuwa amesimama pembeni ya soko la Porta Palazzo, mikono nyuma. Siku hizi alikuwa na tabia hiyo, Jumamosi mbili kwa mwezi, na Clelia alikwisha kumkatia tamaa. Kila mara Evasio alikuja akidhani atakaa dakika tano, akakaa saa nzima, anatazama watu wanavyoshuka. Mara likaja gari dogo la kijani, likaegeshwa vibaya, na akashuka Secondo Ghigo. Alikuwa amestaafu, ana miaka sitini na tatu, magoti yote mawili yamekwisha kwa kupiga magoti sakafuni mwa karakana. Mikononi alikuwa amebeba kreti la pilipili hoho, na kofia iko kichwani.

"Wewe mzee, unachunga nini hapa?" Secondo alisema. "Utakamatwa na polisi."

"Hujaniambia kama umenunua."

"Binti yangu ndiye aliyenunua. Mimi naazima." Aligeuka akaliangalia gari, akafumba jicho moja. "Bado baya. Sentimita nne tu, Evasio. Nne! Lingekuwa la kuwekwa kwenye jumba la makumbusho."

"Najua," Evasio alisema. "Lingekuwa. Umeshukaje?"

"Nimeshukaje nini?"

"Humo garini. Na kreti mikononi. Umeshukaje?"

Secondo alitazama kreti, akatazama magoti yake, kisha akatazama mlango alioufunga kwa kiwiko.

"Sijui," alisema. "Nimeshuka tu."

Evasio alimpokea upande mmoja wa kreti, akageuza uso upande wa sokoni ili rafiki yake asimwone machozi.